AC yako haivuti hewa ya nje, inawazungushia pumzi zenu wenyewe

Juzi fundi kamaliza kufunga AC chumbani, anafuta mikono, nikamuuliza swali la kijinga tu: sasa hewa ya nje inaingilia wapi? Akanyoosha kidole dirishani kwenye lile boksi la nje, wala hakufikiri, "Si hilo hapo bosi, linavuta nje linaleta ndani." Yaani fundi! Mtu aliyetoboa ukuta kwa mkono wake, na anajua fika kwamba kwenye lile tundu kapitisha mabomba mawili ya shaba, nyaya na mpira wa kutolea maji, basi. Ndani ya shaba inapita gesi, boksi la nje kazi yake kutupa joto. Hakuna hata pumzi moja ya hewa inayopita pale. Sikubishana naye, nilimpeleka chumba cha pili, hilo nitalifikia.

Kilichoniudhi hata si yeye. Karibu kila mtu ninayeongea naye anaamini hivyohivyo, na wanaouza hizi mashine wanajua tunaamini hivyo na wamenyamaza kimya. AC ya spliti, hii yenye boksi moja ndani na jingine nje, inachukua hewa iliyomo chumbani, inaipitisha kwenye koili ya baridi, inakurudishia. Usiku kucha ni hiyohiyo. Pumzi uliyoitoa saa tano usiku ndiyo unayoivuta saa kumi alfajiri, tofauti ni kwamba sasa imepoa.

Mimi nilianza kushtuka kwa sababu ya kichwa, kila asubuhi naamka kizito kama nimelala ndani ya sanduku. Nikanunua kimita cha kupima hewa ya ukaa. Nje kinasoma 420 na kitu hivi, sehemu kwa milioni. Chumbani, watu wawili, mlango umefungwa, AC inaunguruma, asubuhi nakuta 2,300. Na kuna Mjerumani mmoja, Max von Pettenkofer, alishasema tangu 1858 kwamba chumba cha watu kisizidi 1,000, enzi hizo hakuna AC hata moja duniani. Sasa asije mtu kuniambia 2,300 haiui, najua haiui, hiyo namba ni kipimo tu cha kukuonyesha hewa unayovuta ni kiasi gani imeshapita kwenye mapafu ya mtu mwingine. Akiwa na mafua yake je? Januari 2020 kule Guangzhou, Uchina, kwenye mgahawa usio na madirisha, AC inazungusha hewa ileile, mtu mmoja kaja na korona, mwishowe wagonjwa wakawa 10, yeye akiwemo, wa familia 3 za meza jirani. Kichwa kizito ni bei nafuu ukilinganisha.

"Si ufungue dirisha." Asante sana, sikuwa nimefikiria hilo! Dirisha nikifungua linaingia joto ninalolipia umeme kulitoa, na linaingia vumbi, moshi wa dizeli, na yule jirani ambaye kila nyumba inaye, anayechoma takataka jioni watu wakianza kulala. Hizo chembe mbaya za moshi zina upana wa kama moja ya thelathini ya unywele, zinapita puani kama hakuna kitu zinakwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu. WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 walishusha kiwango cha chembe hizo cha mwaka mzima kutoka maikrogramu 10 mpaka 5 kwa mita ya ujazo, sasa wewe fungua dirisha barabarani uone kama utakipata.

Na usiniambie AC ina filta. Ule wavu wa plastiki unaouosha bafuni unakamata manyoya na vumbi la kuonekana, umewekwa pale kuilinda koili isizibe, mapafu yako hayakuwemo kwenye hesabu.

Kwa hiyo nichague, nivute pumzi zangu mwenyewe au moshi wa jirani. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Hii mashine tayari ina feni, ina koili ya kupooza na kukausha unyevu, ina mpira wa kumwaga maji, ina umeme, na ukuta umeshatobolewa. Kilichobaki ni bomba moja zaidi, kifeni kidogo na filta ya maana mdomoni, hewa ya nje iingie imeshachujwa, ipite kwenye baridi, ije kwangu. Badala yake tunaletewa nini? Waifai. Taa ya bluu. Ioni. Filta ya vitamini C, jamani, tunavuta chungwa?

Haya, niwe mkweli kidogo. Hewa ya nje ina gharama. Nilipiga hesabu, watu wawili wanataka kama lita 20 kwa sekunde, na nje kukiwa na nyuzi 32 na unyevu wa kutosha, hiyo peke yake inakula karibu robo ya nguvu ya AC ya BTU 12,000. Si kidogo. Na ile filta nzito ya HEPA, inayozuia asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3, ukiibandika kwenye AC ya kawaida feni yake haina msuli wa kuisukuma, koili itaganda barafu. Zipo pia chache zenye bomba la hewa ya nje, kampuni ya Daikin wamefanya, sikatai, nenda basi kaulizie uone muuzaji atakavyokukodolea macho. Mashine ya kusafisha hewa nayo inatoa vumbi vizuri tu, hewa ya ukaa haigusi.

Sasa kile chumba cha pili. Kule nilitoboa tundu la inchi nne, nikaweka kifeni cha bomba na boksi la filta upande wa nje, kinasukuma taratibu usiku kucha, na kwa kuwa kinasukuma ndani, hewa inatokea chini ya mlango badala ya uchafu kuingilia hapo. Asubuhi kimita kinasoma 800, 900. Kelele kidogo ipo, unazoea. Nikamfungulia fundi lile boksi, nikamtolea filta niliyoiweka miezi minne nyuma ikiwa nyeupe pee, sasa hivi ina rangi ya sufuria ya kuni. Akaigusa, akanusa kidole, akarudi dirishani akaangalia lile boksi lake la nje kwa muda.

"Kwa hiyo hili," akasema, "miaka yote hii linapulizia nje tu?"