Mombasa hakuna aliyeuliza kama Mufasa ni ndugu

Tangu Mufasa: The Lion King itoke Desemba 2024, lawama moja nimeisikia huku Uingereza kuliko zote: eti filamu imeharibu hadithi kwa kutuambia kwamba Mufasa na Scar, wale simba wawili wa The Lion King, si ndugu wa damu. Nimeisikia kazini. Nimeisikia langoni mwa shule tunapongojea watoto. Watu wazima, waliolia utotoni Mufasa alipoanguka kwenye lile bonde, wanazungumza kama walioibiwa. "Kumbe hata hawakuwa ndugu," wanasema, na ukiwatazama unaona wana uchungu kweli.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa, na sasa makazi yangu ni Leicester. Filamu yenyewe niliitazama kwanza nyumbani, likizo ya Desemba, kisha nikaitazama tena huku na watoto wangu. Mombasa sikumsikia hata mtu mmoja akilalamikia jambo hilo, na mimi nipo upande wa Mombasa.

Kwa ambaye hajaiona: katika The Lion King ya 1994 Scar anamtaja Mufasa kuwa kaka yake mkubwa na hakuna anayeuliza zaidi. Mmoja ana ufalme, mwenzake ana kijicho, hadithi inakwenda. Barry Jenkins, mwongozaji wa hii mpya, ameturudisha nyuma. Mufasa ni mtoto aliyebebwa na mafuriko akapoteana na wazazi wake, akaopolewa na mwana wa mfalme wa kundi jingine. Mwana huyo anaitwa Taka (watoto ukumbini walicheka kila jina hilo lilipotajwa), na ndiye atakayekuja kuwa Scar. Babake, Obasi, hataki kusikia habari ya mtoto wa kuokotwa. Anawashindanisha mbio, na Taka anamwachia mgeni ashinde kwa sababu anatamani kuwa na ndugu. Hata baada ya hapo Obasi anamkubali nusu nusu: mgeni akaishi na majike. Mamake Taka, Eshe, ndiye anayemchukua, anamlea na kumfunza kuwinda.

Tulikwenda sinema ya Nyali Cinemax, mimi, dadangu na wanawe, binamu yangu, na mamangu. Mamangu Kiingereza chake ni cha sokoni, kwa hiyo dadangu alikuwa akimtafsiria maneno sikioni. Hatukuwa peke yetu. Safu ya mbele yetu kulikuwa na shangazi akiwatafsiria watoto wa chekechea, na nyuma kuna kijana aliyekuwa akimweleza nyanya yake, si kwa sauti ya chini sana. Walipofika pale Eshe anamchukua Mufasa, mamangu akauliza:

"Kwani huyu mama amempa ziwa?"

"La, mama, keshakuwa mkubwa."

"Basi kamlea. Ni mwanawe."

Yule shangazi wa mbele akageuka, akasema, "Na huyu ndiye atakayemfaa, mama. Yule wake wa kuzaa babake anamwharibu." Wakaendelea kutazama. Jambo ambalo huku watu wanaligombania, pale lilimalizwa kwa sentensi mbili, katikati ya filamu, na wanawake wasiojuana.

Swali la mamangu halikuwa la mzaha. Pwani yetu kila mtu anajua kwamba watoto wawili walionyonya ziwa moja ni ndugu, hata kama mmoja ametoka nyumba ya pili. Hawaoani. Suratun Nisaa, aya ya 23, inawataja waziwazi dada wa kunyonya pamoja na dada wa kuzaliwa. Na asiyenyonyeshwa lakini akalelewa naye ana nafasi yake, inayoeleweka. Utasikia mtu mzima akisema "yule ni ndugu yangu, tumelelewa pamoja", na hakuna atakayemwomba ushahidi.

Najua kuna atakayenikumbusha mirathi. Ni kweli. Mtoto wa kulea anabaki na jina la babake mzazi, na harithi kama mtoto wa kuzaa. Anayetaka kumpa kitu atamwusia, na wasia hauvuki thuluthi. Damu kwetu ina hesabu yake na hatuifichi. Lakini hebu itazameni filamu yenyewe. Mufasa hakuchukua kiti cha Obasi. Aliyerithishwa ni Taka, na Obasi alipoona kundi linakwisha alimtuma Mufasa amsindikize mrithi na kumlinda. Ufalme wa Mufasa aliupata mbali, katika nchi iitwayo Milele, kwa wanyama waliomfuata wenyewe kwa kuona anaweza kuwaongoza. Wanaolalamika kwamba "mfalme hakuwa mfalme halali" wamepitwa na hilo. Binamu yangu, ambaye ni mtu wa kubishana juu ya kila kitu, aliliona kabla hatujafika nje ya Nyali Centre.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaniuma kuliko linavyostahili filamu ya watoto.

Mamangu aliponizaa mimi, rafiki yake alifariki akaacha mtoto mchanga wa kiume. Mamangu alikuwa ana maziwa, akamchukua, akatunyonyesha wote wawili. Tulikua chumba kimoja, tukaenda madrasa pamoja, tukapigwa pamoja kwa makosa ya mmoja. Jina lake la pili lilikuwa la babake, na hakuna siku jina hilo lilitutenganisha. Mimi nilipopata safari ya kuja huku, yeye ndiye aliyebaki na wazazi: kumpeleka mamangu hospitali, kuezeka paa, kusimama msibani kwa niaba yangu.

Alipofariki, nilipigiwa simu nikiwa kazini. Kwetu maiti hailazwi bila sababu. Nilijua kwamba nisipotoka saa ile sitamkuta, na kwamba hata nikitoka huenda nisimkute. Nikaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Akafungua fomu, akauliza marehemu ni nani kwangu. Nikasema ni kakangu. Akaniuliza baba mmoja? Nikasema hapana. Mama mmoja? Nikaanza kueleza. Alinisikiliza kwa adabu, hakunikata maneno, na nilipomaliza akaandika: "rafiki wa familia." Kwa rafiki wa familia hakuna likizo ya msiba pale. Nikaambiwa nitumie siku zangu za mapumziko ya mwaka, na zangu zilikuwa zimekwisha. Kakangu alizikwa bila mimi.

Kwa hiyo mtu akiniambia, hata kwa nia njema, kwamba Mufasa na Taka "kumbe hata si ndugu", mimi naiona ile fomu. Sidhani watu wa huku ni wabaya. Wamezoea kwamba udugu ni kitu cha kuthibitishwa kwa karatasi, na karatasi ina visanduku vyake. Ukiomba viza ya ndugu yako utaulizwa vyeti. Ukijaza fomu ya shule utaulizwa nani ana haki ya kumchukua mtoto. Mtu akiishi hivyo miaka arubaini, lazima filamu ikimwambia "huyu aliokotwa" aone kama udugu umefutwa.

Na hata huku si wote. Uingereza ina watoto zaidi ya 80,000 walio chini ya uangalizi wa serikali za mitaa, wengi wao wakiishi na familia za kulea. Mama mmoja pale shuleni, ambaye mwenyewe alikulia katika familia ya namna hiyo, aliniambia alilia tangu mafuriko mpaka mwisho, na kwamba hajapata kuona filamu ya wanyama iliyomweleza utoto wake hivyo. Yeye na shangazi wa Nyali wangeelewana vizuri sana. Nadhani watu kama yeye ndio walioiokoa filamu. Wahakiki waliipokea kwa baridi, na wikendi ya kwanza Marekani ilipata kama dola milioni 35 tu, kiasi kidogo kwa kazi ya ukubwa ule. Ila watazamaji wa siku za mwanzo, wale ambao CinemaScore, kampuni ya Marekani ya kupima maoni, huwauliza wakitoka ukumbini, waliipa A-. Familia ziliendelea kwenda wiki baada ya wiki, mpaka ikapita dola milioni 700 dunia nzima.

Yapo wanayolalamikia huku ambayo nakubaliana nayo kabisa. Taka amegeuzwa haraka mno. Tumemwona akimwachia mwenzake mbio, akimpenda kwa dhati, kisha simba jike Sarabi anampenda Mufasa na papo hapo Taka anakwenda kuwauza kwa Kiros, adui aliyeangamiza nyumba yao. Wivu wa mapenzi unaweza kumpoteza mtu, hilo nalijua, lakini filamu ilikuwa na sababu nzito zaidi mkononi ikaiacha: baba anayemfundisha mwanawe kwamba hila ni silaha ya mfalme. Mombasa lawama yote ilimwangukia Obasi. Usiku ule nyumbani, tukila viazi karai, wanawake walimshughulikia Obasi kama mume wa jirani. Amebagua watoto. Kamlea mmoja kwa sifa za bure, mwenzake kamtupa kwa majike, na kumbe aliyetupwa ndiye aliyepata malezi. Mimi naona huo ndio uhakiki bora nilioupata wa filamu hii, na hakuna gazeti la huku lililoukaribia.

Nyimbo pia. Lin-Manuel Miranda, aliyezitunga, ni fundi, lakini wanawe dadangu walitoka wakiimba zile za 1994.

Kuna jambo ambalo Mombasa inadhulumiwa, na hapa ndipo nasikia hasira. Ile filamu ya 1994 ilitiwa sauti kwa Kizulu, na nilifurahi kwa ajili yao. Kiswahili, lugha iliyotoa Simba na Rafiki na Pumbaa, mpaka leo sijaona pahali nikaweza kumnunulia mamangu tiketi akaisikia hadithi hii kwa lugha yake. Disney iliomba kumiliki "hakuna matata" kama alama ya biashara mwaka 1994 na ikakubaliwa 2003. Them Mushrooms, vijana waliokuwa wakiwapigia watalii muziki katika hoteli za Pwani yetu, walishayaimba maneno hayo katika Jambo Bwana mwaka 1982. Ombi la kupinga umiliki huo lilisambaa mwishoni mwa 2018 na watu zaidi ya laki moja wakalitia saini. Mimi ni mmoja wao. Fedha ya kutia sauti filamu moja kwa Kiswahili, kwa kampuni ile, ni kitu gani? Waigizaji tunao. Watazamaji tunao kutoka Lamu mpaka Kigoma.

Nilipoitazama tena Leicester, ukumbi ulikuwa kimya tangu mwanzo. Ukimya huo una raha yake, siwezi kukataa. Filamu inafungua kwa kumkumbuka James Earl Jones, sauti ya Mufasa wa kwanza, aliyefariki Septemba 2024, na niliisikia sauti yake vizuri kuliko nilivyoisikia Nyali. Lakini mwanangu mdogo aliponiuliza kwa nini Obasi hamtaki Mufasa, mtu wa pembeni alitoa mlio wa kumnyamazisha, na mtoto akanyamaza. Swali lake lilikuwa zuri. Nyali lingejibiwa na mimi, na kama si mimi, na mtu wa safu ya mbele.

Wanasema huku kwamba hakuna aliyeiomba hadithi ya zamani za Mufasa. Labda. Ila nikiambiwa kwamba watarudi nyuma tena, mimi nina ombi. Sitaki mwingine wa ukoo wa kifalme. Nataka Eshe. Nataka kujua alitoka kundi gani, aliolewaje na mtu kama Obasi, na ni nini kilichomfanya amtazame mtoto wa maji asimwone kama mdomo wa ziada, hali mumewe yuko tayari kumwangamiza. Nataka nione akimfunza kunusa upepo, asubuhi nyingi, na Taka amekaa mbali akitazama mamake akimpa mtoto mwingine muda wake. Mamangu ataikalia mpaka mwisho, na ikija kwa Kiswahili nitamlipia safu nzima.