Msimu wa kwanza wa St. Louis City na kazi iliyoutangulia

Wengi wanaoifuatilia soka ya Marekani wanaukumbuka msimu wa kwanza wa St. Louis City kwa mambo mawili: ushindi wa mechi tano mfululizo mwanzoni mwa mwaka 2023, na kipigo cha mabao 4-1 walichopewa na Sporting Kansas City, tena kwenye uwanja wao wenyewe, mwezi Oktoba mwaka huohuo. Katikati ya matukio hayo mawili kuna pointi 56, nafasi ya kwanza katika Kanda ya Magharibi, moja ya kanda mbili za MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani na Kanada, na mjadala ambao haujaisha hadi leo kuhusu kama yale yalikuwa mafanikio ya kweli au upepo uliovuma na kupita. Kwa maoni yangu yalikuwa mafanikio ya kweli, kwa sababu yalitokana na kazi iliyofanyika kabla klabu haijacheza hata mechi moja ya ligi kuu, na naamini kwamba walioisimamia klabu baadaye waliusoma vibaya msimu ule.

Kwa msomaji aliyezoea ligi zetu, inafaa kueleza kwanza klabu kama hii inatoka wapi. Kwetu timu hupanda daraja. Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu Tanzania Bara mwaka 2019 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho katika msimu wake wa kwanza, ilikuja na wachezaji waliokwisha kuzoeana katika daraja la chini, na hofu ya kushuka ilikuwa inawasukuma kila wiki. MLS haina kupanda wala kushuka. Wenye fedha huomba nafasi, hulipa ada ya kuingia, kisha huanza kuunda klabu kuanzia sifuri: jina, rangi za jezi, uwanja, kocha, na mchezaji wa kwanza kabisa. Familia ya Taylor, inayomiliki kampuni ya kukodisha magari ya Enterprise, ilipewa nafasi ya St. Louis mwezi Agosti 2019 kwa ada ya dola milioni 200, na Carolyn Kindle akawa sura ya kundi la wamiliki ambalo sehemu kubwa ni wanawake, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi hiyo. Klabu ilipangiwa kuanza mwaka 2022. Janga la korona likasogeza mwanzo huo hadi 2023.

Ucheleweshaji huo, ambao wakati ule ulionekana kuwa hasara, naona ndio uliowajenga. Mkurugenzi wa michezo, Mjerumani Lutz Pfannenstiel, kipa wa zamani ambaye alicheza soka ya kulipwa katika mashirikisho yote sita ya FIFA, alipata muda ambao klabu nyingi mpya hazipati. Kocha Bradley Carnell kutoka Afrika Kusini aliajiriwa mwanzoni mwa 2022, mwaka mzima kabla ya mechi ya kwanza ya ligi. Mwaka huohuo klabu iliingiza timu yake ya pili katika MLS Next Pro, ligi ya chini inayochezwa hasa na timu za pili za klabu za MLS, na timu hiyo ikafika fainali. Kipa Roman Bürki aliyetoka Borussia Dortmund, kiungo Eduard Löwen na mshambuliaji Mbrazili João Klauss walisajiliwa na kufika mjini wakati bado hakuna ligi kuu ya kucheza. Uwanja mpya wa CityPark, unaoingiza watazamaji wapatao 22,500, ulifunguliwa Novemba 2022 kwa mechi ya kirafiki dhidi ya Bayer Leverkusen. Kwa hiyo ile timu iliyoshuka uwanjani Austin tarehe 25 Februari 2023 ilikuwa mpya kwa ligi tu. Sehemu ya uti wa mgongo wake ilikuwa imekaa pamoja kwa miezi kadhaa, ikifundishwa jambo moja kila siku.

Jambo hilo lilikuwa kukabia juu. Carnell alitoka New York Red Bulls, klabu iliyolelewa katika falsafa ya kupora mpira karibu na lango la mpinzani na kwenda mbele moja kwa moja. Ukiitazama St. Louis ya mwaka ule kwa makini, uliona kitu kinachojirudia: beki wa kati wa wapinzani anapopokea pasi huku uso wake ukielekea lango lake mwenyewe, Klauss anatoka mbio kabla mpira haujatulia, winga wa upande ule anafunga njia ya pasi kwa beki wa pembeni, na kiungo mmoja anapanda hadi mgongoni mwa yule kiungo mkabaji anayesubiri kuokoa jahazi. Beki anabaki na uamuzi mmoja tu, kupiga mpira mrefu au kumrudishia kipa, na wakati mwingine pasi hiyo ya kurudisha inakuwa fupi. Ndivyo mechi ya Austin ilivyogeuka. Tim Parker alifunga bao la kwanza katika historia ya klabu, Austin wakasawazisha na kuongoza 2-1, kisha Jared Stroud, ambaye aliwahi kuichezea Austin, akasawazisha dakika ya 78, na Klauss akafunga la ushindi dakika ya 86. Wiki moja baadaye, nyumbani dhidi ya Charlotte, walitangulia kufungwa lakini wakashinda 3-1. Baada ya hapo wakaenda Portland na kushinda 2-1, wakaifunga San Jose 3-0, wakaenda Real Salt Lake na kushinda 4-0. Hakuna klabu mpya iliyowahi kushinda mechi zake tano za kwanza katika ligi hiyo.

Usajili nao ulifuata falsafa hiyo badala ya kufuata majina. Sitaki kudharau wachezaji wakubwa, kwa sababu Bürki alikuwa mkubwa na alichaguliwa kipa bora wa ligi mwaka ule, lakini karibu kila mtu mwingine alichukuliwa kwa kuwa angeweza kukimbia na kukaba namna kocha alivyotaka. Nicholas Gioacchini alikuwa mchezaji ambaye Orlando City haikumlinda klabu mpya iliporuhusiwa kuchagua wachezaji wasiolindwa na klabu nyingine. Kyle Hiebert na Célio Pompeu walipanda kutoka timu ya pili. Njabulo Blom alitoka Kaizer Chiefs, klabu ileile iliyoitoa Simba kwa jumla ya mabao 4-3 katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2021, na mashabiki wa huku wanaofahamu jinsi Chiefs ile ilivyokaba watakuwa wameelewa haraka kwa nini Carnell alimtaka. Selmir Pidro alisajiliwa kutoka Sarajevo, na katika mji wa St. Louis, wenye jamii kubwa sana ya Wabosnia, jina hilo lilikuwa na maana zaidi ya mpira.

Mji wenyewe unastahili kutajwa, maana bila huo nisingeweza kueleza kelele za CityPark. Wachezaji watano wa kikosi cha Marekani kilichoifunga Uingereza 1-0 mjini Belo Horizonte katika Kombe la Dunia la 1950 walitoka St. Louis. Chuo Kikuu cha Saint Louis kimetwaa ubingwa wa soka wa vyuo mara kumi. Hata hivyo mji huo ulikaa zaidi ya miaka ishirini ukiiangalia MLS ikienda kwingine. Mwaka 2016 timu yao ya mpira wa Kimarekani, Rams, ilihamia Los Angeles, na Aprili 2017 wapiga kura wa mji wakakataa kutoa fedha za umma kusaidia ujenzi wa uwanja wa soka. Ninawaelewa wapiga kura hao, kwa kuwa walikuwa wametoka tu kuachwa na timu waliyoijengea uwanja. Uwanja ulipokuja kujengwa, ulijengwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha za wamiliki wenyewe, katikati ya mji, na watu wakaujaza.

Wanaosema kwamba msimu ule ulikuwa bahati wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. St. Louis ilikuwa miongoni mwa timu zilizokaa na mpira kwa muda mfupi zaidi katika ligi, na mabao yake 62 yalikuwa mengi kuliko ubora wa nafasi ilizotengeneza ulivyoashiria. Timu ya namna hiyo ikipoteza makali kidogo mbele ya lango, inashuka haraka. Aidha wapinzani walianza kuzoea: wakaacha kujenga mashambulizi kutoka nyuma, wakapiga mipira mirefu kupita juu ya wale wanaokaba, na St. Louis ikajikuta ina mpira miguuni bila kujua la kuufanyia. Hayo ndiyo yaliyotokea katika hatua ya mtoano, inayofuata baada ya mechi za ligi kumtafuta bingwa. Sporting Kansas City, jirani zao waliomaliza nafasi ya nane na ambao St. Louis iliwafunga 4-0 mwezi Mei, walikuja CityPark tarehe 29 Oktoba wakashinda 4-1, kisha wakamaliza kazi kwao kwa 2-1. Nakubali kwamba timu ile haikuwa na njia ya pili ya kucheza. Ninachokataa ni kuuchukua udhaifu huo kuwa ushahidi kwamba njia ya kwanza haikuwa na thamani. Mechi 34 ni nyingi, na bahati pekee haimfikishi mtu kileleni mwa kanda. Miongoni mwa klabu zilizoongezwa tangu ligi ianze mwaka 1996, hakuna iliyokuwa imewahi kuongoza kanda katika msimu wake wa kwanza.

Mfano wa upande wa pili ni FC Cincinnati. Klabu hiyo ilikuwa na mashabiki wengi na mafanikio makubwa katika daraja la chini, ikatangazwa kuwa mwanachama wa MLS mwisho wa Mei 2018 na kuanza kucheza Machi 2019. Ilikuwa na chini ya mwaka mmoja wa kujiandaa. Kocha Alan Koch alifukuzwa mwezi Mei, akaja wa muda, akaja Ron Jans, na timu ikamaliza msimu na pointi 24 baada ya kuruhusu mabao 75, idadi ambayo hadi wakati ule haikuwa imewahi kufikiwa katika ligi hiyo. Ilishika mkia miaka mitatu mfululizo. Na bado, mwaka uleule wa 2023 ambao St. Louis iliongoza Magharibi, ni Cincinnati iliyopata pointi nyingi kuliko timu zote na kutwaa Ngao ya Mashabiki. Kwangu mfano huo una mafunzo kuliko jedwali lolote la msimu wa kwanza. Msimu wa kwanza unaonyesha jinsi klabu ilivyojiandaa. Hauonyeshi itakuwa wapi miaka minne baadaye, maana hilo linategemea maamuzi mapya kila dirisha la usajili.

San Diego FC imelithibitisha hilo kwa njia tofauti. Ilipewa nafasi Mei 2023 kwa ada ya dola milioni 500, ikaendeshwa na watu wa Right to Dream, chuo cha soka kilichoanzia Ghana mwaka 1999, na mwaka 2025 ikaanza kwa kuwafunga mabingwa LA Galaxy 2-0 ugenini. Ilimaliza na pointi 63 ikiongoza Magharibi, na ilifika fainali ya kanda. Mpira wake ulikuwa kinyume kabisa na wa St. Louis, wa kukaa na mpira na kuujenga kutoka kwa kipa kwa pasi fupi. Waliyofanana ni kwamba kila mchezaji alijua kabla ya kusaini mkataba timu ingecheza vipi.

Ndiyo maana yaliyoipata St. Louis mwaka 2024 yananiuma. Gioacchini aliuzwa Como ya Italia, na nafasi yake haikujazwa ipasavyo. Ushindi ukawa wa nadra, na tarehe 1 Julai Carnell akafutwa kazi, miezi minane tu baada ya kumaliza wa kwanza Magharibi. Wamiliki walikuwa wameipokea nafasi ya kwanza kama kiwango cha kawaida cha klabu yao, wakati ilikuwa kilele ambacho kikosi kile kilikifikia kwa kucheza juu ya uwezo wake. Aliyehitajiwa mwaka ule alikuwa mshambuliaji wa kuziba pengo na kiungo mmoja wa kuituliza timu inapokuwa na mpira. Badala yake lilibadilishwa benchi la ufundi, na falsafa iliyojengwa kwa miaka mitatu ikaondoka nalo. Olof Mellberg, kocha wa kudumu aliyemfuata, naye akafutwa kazi Mei 2025, na St. Louis ikakosa hatua ya mtoano kwa mwaka wa pili mfululizo. Mwaka huohuo Carnell alikuwa Philadelphia Union, akiwafundisha wachezaji wengine kukabia juu kama alivyofundisha CityPark, na Philadelphia ikatwaa Ngao ya Mashabiki.