Ngozi laini ya roboti si pambo

Wahandisi wengi wanaopinga kuivika roboti ngozi laini yenye vihisi wana hoja inayoeleweka upesi. Viungo vya mkono wa roboti ya kisasa tayari vinapima nguvu ya kuzungusha. KUKA LBR iiwa, kwa mfano, ina kihisi katika kila kimoja cha viungo vyake 7. Mkono ukimgonga mtu, viungo vinahisi ukinzani na roboti inasimama. Ya nini basi silikoni, nyaya na gharama juu yake?

Hoja hiyo inasahau muda. Chukua mkono unaokwenda milimita 250 kwa sekunde, mwendo wa pole ambao viwango vya usalama huuruhusu hata fundi akiwa ndani ya uzio akiiongoza roboti mwenyewe. Tuseme mfumo unahitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde kutambua mguso na kuanza kufunga breki. Kufikia hapo mkono umeshasogea sentimita mbili na nusu. Kama ni alumini tupu, na kiganja cha fundi kimebanwa dhidi ya meza, sentimita hizo zote zinaishia kwenye nyama na mifupa. Uvike sponji nene ya sentimita tatu, nazo zinaishia kwenye sponji, huku kihisi kilichomo kikitoa taarifa tangu inapoanza kubonyea, kani ikiwa bado ndogo. Watu hudhani ulaini ni wa kumpunguzia maumivu aliyekwisha gongwa. Kumbe kazi yake kubwa ni kuipa breki nafasi.

Kuna la pili. Waraka wa ISO/TS 15066 wa mwaka 2016, wa shirika la kimataifa la viwango kuhusu roboti zinazofanya kazi pamoja na watu, uliogawa mwili katika sehemu 29, hautoi kikomo cha kani peke yake. Unatoa pia cha mgandamizo, yaani kani kwa kila sentimita ya mraba. Kwa kiganja na vidole vya mtu, kani ya kubana isizidi nyutoni 140, yaani karibu uzito wa kilo 14. (Kwa uso ni 65 tu.) Zitandaze nyutoni hizo 140 kwenye sentimita 10 za mraba, utapata 14 kwa kila sentimita. Zipitishe kwenye ukingo wa nusu sentimita ya mraba, zinakuwa 280. Aliyewahi kukanyagwa na kisigino chembamba, kisha siku nyingine na ndala, hahitaji hesabu hii. Kihisi cha kiungo, mradi kani imeangukia palepale, kinasoma namba ileile mara zote mbili. Tena mtu akiukumbatia mkono wa roboti kwa viganja viwili kutoka pande mbili, kani zinafutana na viungo havioni kitu. Ngozi inaona viganja vyote viwili.

Wapinzani nao hawasemi uongo. Silikoni inachakaa, inachelewa kurudi umbo lake baada ya kubonyezwa, na joto linapotosha vipimo. Roboti inayosimama ovyo bila kuguswa, haitachukua muda mtu ataizima ngozi hiyo kazi iendelee. Na ngozi haifuniki ncha ya bisibisi. Hilo la mwisho sioni jibu lake: penye ncha kali, dawa ni uzio au umbali.

Lakini ubishi mwingi unatokana na kudai ngozi ijue kila kitu. Mfuko wa hewa uliozibwa, wenye kihisi kimoja cha mgandamizo ndani, hausemi umeguswa wapi. Unasema tu umeguswa, kwa nyaya chache, na kwa kuusimamisha mkono wa kiwandani hiyo inatosha. Ramani ya mguso inahitajika kwa mashine kama ROBEAR, ambayo taasisi ya utafiti ya RIKEN ya Japani iliitangaza mwaka 2015 kwa ajili ya kuinua wagonjwa, ikiwa na vihisi vya mpira. Roboti ya namna hiyo haiwezi kusimama kila inapomgusa mtu, maana kumgusa ndiyo kazi yake. Inachopaswa kujua ni kama uzito umekaa mgongoni au umeelemea shingo.