Elfu Tano za Juu

Bosi wangu ni mtu wa karatasi. Akinunua feni anasoma kijitabu mpaka kurasa za Kichina. Kwa hiyo aliporudi kutoka Kariakoo na maiki mpya ya studio, maiki yenyewe aliiacha kwenye boksi. Alitoa karatasi, akavaa miwani, akanisomea maiki inanasa kuanzia sauti nzito kiasi gani hadi nyembamba kiasi gani.

"Hezi 20 hadi 20,000. Umesikia? Haya, ya kwako inasemaje?"

Ya kwangu ni Shure SM58, maiki ya mkononi ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu 1966, na hii niliyo nayo nimehangaika nayo kwenye harusi nyingi kabla ya kupata kazi hapa Mwananyamala. Wavu wake umebonyea upande mmoja, na ukiunusa unapata lipstiki za kila aina. Karatasi yake inasema hezi 50 hadi 15,000.

"Sasa hizo elfu tano zimekwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba masikio ya mtu mzima kwa kawaida hayafiki huko juu; kwa umri wake yeye, hizo elfu tano hazisikii hata alipwe. Tena namba mbili za mwanzo na mwisho hazitoshi. Ukiambiwa basi linatoka Dar hadi Mwanza, bado hujaambiwa mashimo yako wapi. Bosi akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na mchoro wenye umbo la moyo.

"Ona mwenyewe! Imetengenezwa kwa ajili ya nyimbo za mapenzi."

Mchoro ule huonyesha maiki inasikia upande gani: mbele vizuri, nyuma kidogo sana. Nilifungua mdomo nimweleze, hodi ikapigwa. Alikuwa mteja wetu, mama mmoja mwimbaji wa taarab, kaja na shoga yake kurekodi wimbo wa harusi ya mpwa wake. Nikawaamkia, wakaingia chumba cha kuimbia, bangili zikilia.

Bosi akaifunga maiki yake mwenyewe, akawasha zile volti 48 inazohitaji, akamwelekezea mama ncha ya juu mdomoni. Maiki ya aina ile husikia kwa ubavu, ncha yake ni bure. Sauti ikatujia hafifu, ya mbali.

"Ina utulivu," akasema bosi.

Nikaenda nikaigeuza. Utulivu ukaisha.

Ubishi ulipokolea nikampa sharti moja: asikilize bila kuona. Shoga mtu akacheka, akavua kanga begani na kumfunga bosi macho, kisha akarudi ndani kwa mwenzake. Kanga ilikuwa imeandikwa MDOMO ULIPONZA KICHWA, na maneno hayo yakakaa sawasawa juu ya paji la uso la bosi. Nikasimamisha maiki zote mbili mbele ya mama, nikasawazisha ukubwa wa sauti, maana inayosikika juu kidogo kuliko mwenzake huonekana nzuri hata kama haina lolote. Wauza redio wanaijua siri hiyo.

Nikaanza na mpya. Lahaula! Pumzi ya mama, bangili, feni, jogoo wa jirani, na kule nje muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, ka-ka-ka, ndani kabisa ya sikio. Trei za mayai tulizobandika ukutani hazizuii kitu, bosi alizinunua kwa imani tu. Na herufi "s" ndiyo ilikuwa balaa. Mama alikuwa anaimba "sisi sote tumesimama", na kila "s" ikimfikia bosi, bega linamruka.

Nikahamia ya kwangu. Mama akasogea mpaka midomo ikakaribia wavu, sauti ikanenepa kwa chini, zile "s" zikatulia, na muuza kahawa akaenda zake.

"Hiyo!" Bosi kanyoosha kidole, hedifoni kichwani, kanga machoni. "Hiyo ndiyo elfu ishirini!"

Sikumjibu. Nikamwambia turudie kwa uhakika, nikarudisha mpya. Kule ndani mama alikuwa amemaliza ubeti na kudhani tumepumzika.

"Shoga," sauti yake ikaja safi, "unamjua huyu bosi? Si ndiye aliyempeleka mshenga kwetu, anamtaka mdogo wangu."

"We! Ikawaje?"

"Mahari anataka alipe kwa awamu. Laki leo, laki mwezi ujao."

"Kwa awamu? Kwani ananunua kabati?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuzimia. Nikakiacha pale pale. Tulikubaliana kuhukumu kwa kusikiliza, na lazima niseme ukweli, kwa kazi hiyo maiki ya bosi haikuwa na mfano. Kila silabi. Hata kile kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja kilifika chote.

Bosi akafungua kanga taratibu, akaikunja vizuri.

"Hii ni ipi?"

"Hii ndiyo ile mpya, bosi. Ile uliyoichagua ni ya kwangu."

"Izime."

Wimbo tukaurekodi kwa maiki iliyobonyea, na ulitoka vizuri mpaka shoga mtu akapiga vigelegele. Mama akatoka anajipepea, akafungua pochi, akamwangalia bosi kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Bosi wangu, sauti imesikika?"

"Imesikika, mama. Imesikika yote."

"Alhamdulillah. Sasa, mwanangu, leo nina nusu. Nusu nyingine nikuletee mwisho wa mwezi?"

Bosi akavaa miwani yake, akachukua kitabu cha risiti.

"Hapana, mama. Hapa awamu hatupokei. Awamu ni kwa mahari na makabati."