"Hatukupasui" si kumwacha mgonjwa

Mgonjwa akirudi Pemba na kusema daktari amekataa kumpasua, barazani watu husikia jambo moja tu: ameshaachwa. Kwa saratani nyingi khofu hiyo ina msingi. Kwa saratani ya seli ndogo, aina inayoenea upesi na ambayo kwa kawaida huanzia mapafuni, ikiwa imeanzia nje ya mapafu, daktari huyo huenda ndiye aliye sahihi.

Maradhi haya ni adimu. Katika wagonjwa 100 wa saratani ya seli ndogo, walioanzia nje ya mapafu hawazidi 5 hivi: kwenye umio, kibofu, tezi dume, shingo ya kizazi na kwengineko.

Wanaotaka kisu si wajinga. Kupasuliwa ni safari moja. Dawa, yaani sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposaidi, hutiwa kwa siku tatu mfululizo, kila baada ya wiki tatu, mara nne hadi sita. Mionzi ikihitajika, kuna Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Mtu wa Micheweni aliyeuza ng'ombe kwa nauli ya boti ya kwanza, ya tatu ataitoa wapi?

Lakini tuutazame mshono. Baada ya operesheni kubwa, dawa husubiri wiki kadhaa jeraha lipone, na saratani hii haisubiri. Mara nyingi uvimbe unapoonekana, chembe zake zimeshafika kwenye tezi za limfu, ini au mifupa, nyengine ndogo mno kuonekana kwenye picha. Kisu kinatoa kibofu, chembe za ini zinabaki zikikua bila ya kuguswa, na mgonjwa aliyedhoofika huenda figo zake zisiimudu tena sisplatini. Kwenye kibofu hasa, waliotiwa dawa kwanza ndipo wakapasuliwa wameonekana kuishi zaidi kuliko waliotanguliziwa kisu. Kwa hiyo kisu hakikukataliwa. Kimewekwa nyuma ya dawa.

Dawa nazo zisisifiwe kupita kiasi. Uvimbe hunywea haraka, nyumba nzima ikashukuru, kisha mara nyingi hurudi. Kwa ambaye saratani imeshamwenea mwilini, zinaongeza miezi zaidi kuliko miaka.

Ninachowalaumu madaktari ni ufupi wa maneno. "Hatukupasui," kisha faili jengine. Wakitaja hapo hapo tarehe ya dawa ya kwanza na idadi ya safari, jamaa watajua wachange kiasi gani na nani wa kumsindikiza mgonjwa.