Silinda Hedi Si Kizuizi cha Banda la Kuku

Naomba kuuliza, kwa utulivu wote unaompasa mwalimu mwenye miaka 22 kazini: ni katika kanuni ipi ya ufugaji ambapo silinda hedi ya gari, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, iliyotoka mashineni kusagwa uso wake Ijumaa kwa shilingi 60,000, hutumika kuzuia mlango wa banda la kuku? Niliikuta leo Jumapili alfajiri, imelazwa kifudifudi juu ya changarawe, na jogoo amesimama juu yake anawika kana kwamba yeye ndiye aliyelipia kusagwa kwake. Uso ule, kwa mujibu wa kitabu cha mafundi, hauruhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, kipimo ambacho ni sawa na unywele mwembamba.

Aliyeiweka pale ni mama mkwe, aliyefika jana kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi. Mama mkwe hakemewi.

"Baba, lile jiwe lako limenifaa sana," akaniambia baada ya shikamoo. "Ni zito, halafu lina matundu ya kushikia."

Nilimshukuru, kisha nikaenda kusimama nyuma ya choo kwa dakika tano. Niliporudi na kuinua hedi, niligundua kwamba hata haki ya kukasirika sikuwa nayo, kwa sababu mama alikuwa ametandika kitambaa kwanza ili jiwe lisichubuke. Kitambaa chenyewe kilikuwa shati langu la kusimamia mitihani.

Wenye magari ya umri wa langu hawahitaji maelezo marefu. Ni Corolla ya mwaka 1997, injini ya 5A, cc 1,498, nami mwezi uliopita nililipandisha mlima wa Iwambi, hapa Mbeya, nikitokea Mbalizi na magunia matatu ya mahindi, nyuma ya lori lililokwenda kwa mwendo wa watu wanaosindikiza maiti. Mshale wa joto ulipanda hadi juu kabisa, nami nikaupuuza kwa kuwa umekuwa mbovu tangu nilinunue gari hili; kumbe siku hiyo ulikuwa umepona. Kesho yake nilifungua mfuniko wa oili nikakuta chai ya maziwa, yaani maji yameshachanganyika na oili.

Sehemu ya lawama ni yangu. Themostati, kile kifaa kinachodhibiti mzunguko wa maji ya injini kufuatana na joto, ilitolewa zamani na fundi mmoja aliyenieleza, kwa kujiamini kabisa, kwamba kifaa kile ni cha nchi za baridi, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta, koti na kofia ya sufu, hapo Uyole, mwezi wa saba. Mfuniko wa rejeta nao ulikuwa umelegea siku nyingi. Sisi tunaoishi kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100 na maharage humaliza debe la mkaa, tulipaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba mfuniko ule ndio unaoyabana maji yasichemke mapema. Lakini mimi hufundisha Uraia.

Gereji walinitajia bei ya kazi ambayo, ukiiongezea kidogo, unapata Corolla nyingine inayochemsha. Ndipo nikaamua kuifungua injini mwenyewe, nyumbani, chini ya mparachichi, na tangu siku hiyo sijawahi kuwa peke yangu. Wapo wanaopita asubuhi na kuuliza, "Bado tu, Mwalimu?" kisha wakapita jioni na kuuliza hilo hilo. Mzee wa kanisa alijitolea kuiombea injini, nikakubali. Parachichi moja lilidondoka ndani ya silinda ya tatu, nikalitoa kwa kijiko. Bolti za hedi ziko kumi, nazo ni za urefu wa aina mbili, za milimita 90 upande wa kuingizia hewa na za milimita 108 upande wa ekzosi. Nilikuwa nimezichomeka kwenye katoni kwa mpangilio wake hadi Neema, aliye darasa la pili, alipozipanga upya kuwa baba, mama na watoto.

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa vitafunio. Mlo wenyewe ulikuwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Bolti za hedi hazikazwi kwa hasira. Huanzwa za katikati, zikafuatiwa za pembeni, kidogo kidogo na kwa zamu, hadi zote zifikie nyutonimita 29, nyutonimita ikiwa ndicho kipimo cha nguvu hiyo ya kukaza. Kisha kila moja hutiwa alama ya rangi na kuzungushwa robo duara, halafu robo nyingine. Hizo robo mbili hazikunitisha, kwa kuwa rangi ya alama nilikwisha kuipata kwenye kichupa cha rangi ya kucha cha Mama Neema, jambo ambalo bado linajadiliwa ndani ya nyumba. Kilichonitisha ni hizo 29, maana spana ya toki mtaani kwetu ni moja tu, na mwenyewe ni fundi wa malori kule barabara kuu. Nilimpigia simu jana jioni kuiazima.

"Spana hii haitembei peke yake, Mwalimu," akanijibu. "Inatembea na mimi."

Alifika leo saa moja asubuhi. Spana ilikuwa ndani ya sanduku, sanduku ndani ya gunia, na gunia mapajani mwa kijana wake aliyekuja kwa kazi hiyo moja ya kupakata. Pamoja na dereva wa bodaboda, ambaye alisema atasubiri, walikuwa watatu, nasi tukawakaribisha chai kama desturi inavyotaka. Chai ikavuta ndizi, na ndizi zikavuta maharage. Mama mkwe, ambaye kwa jinsi gunia lile lilivyoshikwa kwa heshima aliamini kwamba wageni hawa wameleta posa, akaagiza kuku achinjwe, na sitaficha kwamba nilifarijika nilipoona kwamba aliyekamatwa ni yule jogoo.

Jogoo wa miaka miwili haivi haraka kwenye nyuzi 94. Wakati tukimsubiri, fundi alisimulia malori aliyoyafufua kuanzia Tunduma hadi Makambako, moja baada ya jingine, kwa namba za usajili, na kila alipofika penye kukaza bolti alitutazama mmoja mmoja kuhakikisha kwamba tumeelewa. Ibada ya kwanza ikapita. Ya pili ikaanza. Saa tano kasoro alinawa mikono, akaivuta spana kutoka ndani ya gunia, ndani ya sanduku, ndani ya kitambaa cha kwanza na cha pili, akailaza juu ya meza. Ilikuwa ndefu kama Neema. Niliinama kuusoma mstari wa vipimo na kukuta kwamba namba ya kwanza kabisa, ile ya chini kuliko zote, ni 100.

"Fundi," nikasema, "mimi nahitaji 29."

"Ishirini na tisa ya nini?"

"Nyutonimita."

"Sasa hiyo, Mwalimu, si kukaza. Hiyo ni kugusa. Sisi nati za tairi la lori tunakwenda mia sita."

"Hii ni hedi ya aluminiamu, fundi. Nikiikaza mia itapasuka."

Alifikiri kwa muda, akachokonoa jino. "Basi tukaze mia, halafu turudishe nyuma kidogo."

Nilimweleza, kwa sauti ambayo naamini ilikuwa bado ya staha, kwamba nyuzi za bolti zikishachunika kwenye bloku hakuna kurudisha nyuma. Akasema kama ni hivyo spana ya nini, mkono wake wenyewe una toki: akivuta akiwa ametulia ni thelathini, akivuta amekasirika ni hamsini. Nikamuuliza kwa sasa yuko kwenye ngapi. Akasema kwa sasa ameshiba, hawezi kupima vizuri.

Kisha akadai nauli ya spana. Si nauli yake. Yeye alisema amekuja kwa undugu. Nauli ya spana! Chombo kilichopakatwa njia nzima, kikafunuliwa mezani kwangu kwa dakika nne, kikaangalia injini kwa mbali na kufungwa tena, kilipwe nauli, na kijana aliyekipakata alipwe, na bodaboda aliyekula paja la jogoo alipwe muda wa kusubiri! Nililipa. Nililipa kwa sababu mama mkwe alikuwa anatazama, na kwa sababu alikuwa ameanza kuwafungia ndizi za njiani.

Walipoondoka nilimpigia mwenzangu anayefundisha Fizikia, akaimaliza kesi kwa dakika mbili bila kula chochote. Toki, alisema, ni nguvu mara urefu wa mkono. Ukivuta mpini wa spana ya kawaida kwa uzito wa kilo 10, sentimita 30 kutoka kwenye bolti, umepata nyutonimita 29 na nukta zake. Kwa hiyo ninachohitaji ni mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano.

Mizani ya namna hiyo anayo jirani yangu, mnunuzi wa viazi, mtu mwema anayesalimia hata watoto. Alinipa bila masharti, isipokuwa niirudishe kabla ya alfajiri kwa kuwa anakwenda shambani kupakia. Nikaifunga ndoano kwenye mpini, nikavuta kwa mlalo, taratibu, mshale ukafika 10, nikajisikia mhandisi. Bolti ya kwanza. Nilipoikamata ya pili, jambo moja likanipita kichwani: hii ni mizani ya kununulia.

Nikachukua ndoo, nikaipima tupu, nikatia lita 10 za maji, ambazo popote duniani ni kilo 10, hata huku kwetu juu. Nikaitundika kwenye tawi la mparachichi. Nikatoa uzito wa ndoo. Kilo nane na nusu.

Nikarudia. Nikamwita Mama Neema asome yeye. Nane na nusu.

Kwa upande wa injini hili si tatizo hata kidogo. Ninailegeza ile bolti ya kwanza, ambayo kumbe imekazwa karibu nyutonimita 35, ninaanza upya zote kumi, na badala ya kuvuta hadi 10 ninavuta hadi nane na nusu. Mizani inayodanganya kwa uaminifu ule ule kila mara inatosha kwa kazi yangu. Ningekuwa nimemaliza kufikia saa kumi.

Lakini viazi vya shamba letu la Umalila tumemuuzia jirani kwa mizani hii misimu saba. Gunia la kilo 100 likiandikwa 85, hapo bado hujaigusa lumbesa, ule ujazo wa kupitiliza mdomo wa gunia, na ukizidisha kwa magunia, kisha kwa misimu, unafika mahali ambapo gereji ingenifanyia injini yote, pistoni ringi na metali zikiwemo, na chenji ikabaki ya themostati mpya. Jirani amepita uani saa kumi na mbili na kuuliza kama nimeshamaliza na mizani yake. Nikamjibu bado, nakaza. Akasema nisikaze sana.

Sasa ni saa mbili usiku. Hedi imekaa juu ya gasketi yake mpya, imefunikwa kwa lile shati la mitihani, na hakuna bolti hata moja iliyokazwa, kwa sababu tochi ni moja na Mama Neema ameishika ndani, tunatafuta daftari la mauzo ya mwaka 2019.