Tope la Sabaki lizuiliwe wapi?

Kaskazi inapovuma, maji mekundu ya mto Sabaki hugeukia kusini na kuingia ghuba ya Malindi. Wekundu huo ni udongo wa bara, mwingi wake wa Ukambani, na matumbawe yameutunzia kumbukumbu. Tumbawe huongeza tabaka kila mwaka kama mti, na tabaka za Malindi zinaonyesha bariamu, madini yanayosafiri na udongo, ikipanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nchi ya juu ilipofyekwa na mifugo kubanwa katika maeneo finyu.

Wanaotaka tope likomeshwe wana hoja nzito. Malindi ina hifadhi ya bahari tangu 1968, na tope huyanyima matumbawe mwanga, kisha huuziba mwamba ambao matumbawe machanga yangeshika.

Lakini tope hilohilo limejenga. Mlangoni pa Sabaki limezaa tambarare wanakojilisha ndege wahamao, na mikoko ikafuata, mchu ukitangulia. Mizizi ya kupumulia ya mchu huchomoza topeni kama penseli zilizosimikwa. Tope likipanda kidogokidogo, mti hustahimili. Gharika moja ikiifunika mizizi yote, mti hufa umesimama. Kasi ndiyo inayoamua.

Wapo wanaolitegemea Bwawa la Thwake, kwenye mto Athi, jina la Sabaki huko juu, linase mashapo. Mimi nina wasiwasi nalo. Bwawa hunasa kwanza mchanga, ambao ufuo unauhitaji, ilhali sehemu ya udongo wa mfinyanzi, ule mwepesi unaodhuru matumbawe, hupita na maji.

Matuta ya fanya juu hushika udongo ungali shambani, na mkulima akabaki na rutuba yake. Mtaro huchimbwa kwa kufuata kontua (mstari wa kimo kimoja), upana na kina kama sentimita 60, udongo ukatupwa upande wa juu, na tuta likapandwa nyasi. Kosa la kawaida ni kipimo: mtaro ukiinama kidogo tu, maji hukusanyika penye kibonde, hupasua tuta, na mvua chache baadaye hapo pana korongo.

Hata hivyo, matuta hulinda mashamba tu. Malisho yaliyobaki vipara, njia za ng'ombe na mitaro ya barabara huendelea kumimina udongo mtoni mvua za kwanza zinaponyesha, kabla nyasi hazijaota. Hapo ndipo fedha za mradi wowote zingeanzia: kufunga malisho msimu mmoja au miwili, kusia mbegu za nyasi za kienyeji, na kuzuia makorongo kwa mawe tangu juu yanakoanzia.